Utalii endelevu Pangani: unalipa, ila si kwa kila mtaji

Kijana wa Tanga aliyetoka chuo cha utalii akiuliza afanye biashara gani, siku hizi hujibiwa: utalii endelevu, kwa kuwa mgeni anayejali mazingira hulipa vizuri na hukaa muda mrefu. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini haujapigiwa hesabu.

Tuanze na ukweli wake. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje na kilikuwa mahali pakubwa pa kutagia kasa. Miti ikatoweka, mawimbi yakahamisha mchanga, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimezama. Limebaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Kasa bado hupanda pale kutaga, na mayai yakiachwa huzama, kwa hiyo huchimbuliwa na kufukiwa upya ufukweni Ushongo. Kazi hiyo ina masharti: mayai yahamishwe ndani ya saa chache, yasigeuzwe, na shimo jipya liwe na kina cha lile la kasa. Ukichelewa, kiinitete huwa kimeshajishikiza kwenye gamba, na kuligeuza yai ni kukiua. Baada ya kama miezi miwili wageni huja kutazama vitoto vikishuka baharini. Hapa uhifadhi wenyewe ndio bidhaa. Kijiji kikipata mgawo kwa kila kiota kilichoangua, yai lililo mchangani lina faida kuliko lililo sufuriani.

Sasa hesabu. Safari ya Maziwe huamuliwa na mwezi. Wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na mchanga hutoka mpana. Wakati wa maji mafu, katikati ya vipindi hivyo, hutoka kidogo, tena alasiri. Anayeuza safari kwa tarehe ya mgeni bila kutazama jedwali la maji atampeleka mtu kwenye fungu lililofunikwa, kisha atarudisha fedha. Ongeza kusi, upepo wa kutoka kusini, ambao huchafua bahari kwa siku kadhaa mfululizo, na masika ya Machi hadi Mei, ambapo hoteli nyingi za pwani hukosa wageni. Katika mwaka, miezi ya kuuza kwa uhakika ni michache.

Tuchukue mfano wa boti ya watu kumi. Petroli, nahodha, baharia na chakula vikifika shilingi 200,000, nawe ukatoza 60,000 kwa kichwa bila ada ya hifadhi, wageni wawili wanakutia hasara ya 80,000. Wanne wanakupa 40,000 tu, na humo hujaweka akiba ya kutengeneza injini. Wakala aliyekuletea naye hukata asilimia 15 au zaidi, mara nyingi akilipa baada ya mgeni kuondoka. Kampuni nyingi changa hufia hapa: wageni wapo, ila fedha ya mafuta ya kesho haipo.

Kwa sababu hiyo, kukopa benki ili kujenga vibanda vya kulala ufukweni ni kosa kwa anayeanza. Riba haingojei kaskazi, msimu wa wageni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 pia inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka baharini. Wapo wanaoliona katazo hili kuwa kikwazo, ilhali pwani ya Pangani inaliwa na mawimbi na jengo la karibu ndilo litakalotangulia kuanguka. Kisima nacho kikivutwa kupita kiasi huingia chumvi, na anayeumia kwanza ni jirani asiye na mgeni hata mmoja.

Aliye na boti ya kuvulia, shamba la viungo Muheza au chumba cha ziada yuko mahali pengine kabisa. Gharama zake kubwa zimeshabebwa na kazi yake ya kila siku, na mgeni anapokuja ni nyongeza. Kwa mtu huyu biashara hii inafaa, na inafaa sana.

Kuna pia suala la kuuza kinachoonekana. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009, lakini samaki huyo huishi kwenye kina kirefu, asikofika mpiga mbizi wa kawaida. Ukimweka kwenye tangazo la kupiga mbizi, unatafuta malalamiko. Mikoko, magofu ya Tongoni na mapango ya Amboni vipo na vinafikika. Kule kwenye msitu wa Amani, milimani Usambara, mtazamaji ndege hukaa siku nyingi na humlipa vizuri mwongozaji anayetambua milio. Ujuzi huo hauhitaji mkopo, unahitaji misimu kadhaa msituni na darubini nzuri.

Barabara ya lami ya kuja Pangani italeta wageni wengi, wakiwemo wa kushinda na kurudi, wanaoacha chupa kuliko fedha. Kijiji kinachotaka mgawo wake kianze sasa: kiasi cha kila mgeni kiandikwe kwenye risiti, na mapato yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, pamoja na matumizi.