Nyumba Elfu Nne Zimekwenda Chooni

Jamani, mwenzenu nina mgogoro na shemeji yangu, na mgogoro wenyewe hauhusu shamba wala mirathi. Unahusu watu tusiowajua kwa sura wala kwa jina, waliokaa kwenye makochi yao Jumamosi jioni. Swali ni moja tu: walikuwa wangapi?

Mshabiki wa mpira ana raha yake. Timu imefunga au imefungwa, refa anapuliza filimbi, watu wanakwenda kulala na hasira zao. Sisi wapenzi wa Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya huku Uingereza, hatuna filimbi ya mwisho. Kipindi kinaonyeshwa Jumamosi, Jumapili inatoka hesabu ya waliotazama usiku ule. Baada ya siku saba inatoka hesabu nyingine. Baada ya siku 28 inatoka nyingine tena. Na shemeji yangu makazi yake ya kudumu ni kwenye ile ya kwanza. Kipindi chenyewe hakijui. Hamjui Dalek, hamjui Cyberman, maadui wakubwa wa humo, lakini Jumapili mimi ndiyo kwanza narudi kutoka zamu ya usiku ghalani, macho mekundu, miguu imevimba, simu inalia: "Milioni mbili na kitu, shemeji. Pole kwa msiba. Matanga lini?"

Saa nane mchana yuko kwangu, anakula.

Kwa wasiokijua, ni hadithi ya kiumbe wa sayari nyingine anayezunguka zama na zama ndani ya kibanda cha polisi cha rangi ya buluu. Nje kibanda, ndani jumba. Akikaribia kufa hafi, anageuka mtu mwingine, na mwigizaji mpya anashika usukani. BBC walikianza tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kupigwa risasi. Hebu fikiria, dunia nzima inazungumza jambo moja, wewe unazindua mchezo wa kibanda! Walitazama watu milioni 4.4, na wiki iliyofuata ikabidi sehemu ya kwanza irudiwe kabla ya kuonyeshwa ya pili. Shemeji angekuwepo siku ile, angekuwa wa kwanza kushika jembe la kuchimbia kaburi. Kabla mwaka haujaisha wakatokea Dalek, yale madude ya chuma yenye mkono wa mpira wa kuzibulia sinki, watoto wa Uingereza wakakimbilia nyuma ya makochi, na hesabu ikapanda mpaka ikavuka milioni 10.

Nikimweleza hivyo shemeji anatafuna, anameza, anasema, "Hiyo historia. Leo je?"

Na ajabu yake ni kwamba historia inayomfaa yeye anaikumbuka. Akitaka kunichoma ananitajia 1979. "Enzi zile walitazama milioni 16!" Ni kweli. Sehemu ya mwisho ya hadithi ya City of Death, Oktoba 1979, milioni 16.1, na rekodi hiyo haijavunjwa. Asilosema ni kwamba ITV, kituo kinachoshindana na BBC, walikuwa wamefungwa na mgomo kwa wiki nyingi. Nchi ina vituo vitatu, kimoja kimelala, watu waende wapi? Huko kwetu tunaita kupita bila kupingwa, na mheshimiwa aliyepita hivyo hatembei kifua mbele akidai wananchi wanampenda.

Miaka kumi baadaye mambo yakageuka. Mwaka 1989 kipindi kikapangwa saa ileile ya Coronation Street, tamthilia ambayo nusu ya akina mama wa nchi hii wasingeiacha hata nyumba ikishika moto. Msimu ule ulianza na milioni 3.1. Desemba kikazimwa. Sasa niambieni, aliyekipanga pale alitegemea nini? Ulimpeleka ng'ombe machinjioni, halafu unashangaa mbona hakurudi na maziwa! Mfululizo mpya ulirudi Machi 2005, na siku ya kwanza wakatazama watu milioni 10.8. Krismasi ya 2007 wakafika milioni 13.3. Shemeji hapo huwa anaomba maji ya kunywa.

Lakini ninalotaka kulalamikia mimi si shemeji. Shemeji ni mtihani wa kawaida. Ninalolalamikia ni hesabu yenyewe, maana binti yangu Zuhura, anayesoma takwimu shuleni, siku moja alinieleza inavyofanyika, na tangu hapo silali vizuri.

Mimi nilidhani wanatuhesabu. Kumbe hawatuhesabu! Uingereza ina nyumba zaidi ya milioni 28. Wanachagua kama 7,000. Hizo ndizo zinafungiwa kidude kwenye TV, na kidude kinasikiliza sauti ya kipindi na kukitambua. Nyumba nyingine zote, yangu ikiwemo, ni upepo. Nikachukua kikokotoo. Nyumba moja inabeba nyumba elfu nne mgongoni.

"Baba, hiyo ni sampuli," Zuhura akasema. "Ikichaguliwa vizuri inatosha kabisa."

Sampuli! Kwa hiyo huku Leicester labda yupo bwana mmoja, hatumjui, na hatutamjua maana majina yao ni siri. Jumamosi jioni amekaa, anatazama, mara tumbo linamvuruga. Ananyanyuka bila kubonyeza kitufe. Nyumba elfu nne zimekwenda chooni! Na mimi niliyelipia leseni ya televisheni, pauni 174.50 mwaka 2025, pesa taslimu, niliyekodoa macho mwanzo mpaka mwisho, sipo.

Ndiyo, kuna vitufe. Hapo ndipo nilipochoka. Kila mtu wa nyumba hizo teule ana kitufe chake kwenye rimoti maalumu. Ukiingia sebuleni unabonyeza, ukitoka unabonyeza. Hata mgeni anabonyeza, na anatakiwa aingize umri wake na kama ni mwanamume au mwanamke. Nikasema haya, nitajiandikisha, waje wanifungie na mimi. Zuhura akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe huombi, unaombwa. Ukijitolea hawakutaki, wanaogopa watu wenye mapenzi yao.

Nikaona basi, tufanye mazoezi nyumbani, wakibisha hodi siku moja watukute tuko tayari. Nikachukua rimoti ya zamani ya king'amuzi kilichokufa, nikabandika plasta kwenye vitufe. Moja, mimi. Mbili, Mama Zuhura. Tatu, Zuhura. Nne, mdogo wake. Sufuri, mgeni. Nikawakusanya sebuleni nikawapa semina.

Mama Zuhura akawa wa kwanza kuuliza. "Mimi huwa nalala kwenye kochi hili kipindi chako kikianza. Nibonyeze au nisibonyeze?"

"Upo sebuleni. Bonyeza."

"Nimelala, Baba Zuhura."

"Wewe bonyeza, kisha ulale."

"Kwa hiyo wanaohesabiwa wengine wamelala?"

Sikuwa na jibu, nikampa Zuhura nafasi. Naye akasema yeye hutazama kwenye simu, chini ya blanketi, tena kwa kasi ya moja na nusu. Kipindi cha dakika 45 anakimaliza kwa dakika 30, anarudi kwenye video zake za nywele. Sasa huyu ni mtazamaji mzima, au tumwandike theluthi mbili?

Wakati tunabishana, mlango ukafunguliwa, akaingia Shangazi. Na Shangazi haji peke yake. Nyuma yake wakaingia wanawe wawili, mjukuu, jirani yake wa Kikongo aliyekuja kumsindikiza, na bakuli la maandazi. Hii nyumba yangu ndiyo kibanda chenyewe cha buluu: nje chumba na sebule, ndani ukoo mzima. Nikamwinamia Shangazi, shikamoo, marahaba, nikampa rimoti kwa mikono miwili kwa adabu zote.

"Shangazi, ukishaingia unabonyeza sufuri, halafu unaingiza umri."

"Umri wa nani?"

"Wako, Shangazi."

Sebule ikanyamaza. Shangazi akaitazama ile rimoti, akanitazama mimi, akaitazama tena rimoti. Akasema, "Marehemu mjomba wako, Mungu amrehemu, nimekaa naye miaka na miaka, hakuwahi kuniuliza. Wewe unaniuliza mbele ya mgeni, kwa ajili ya televisheni?" Akaiweka rimoti juu ya maandazi. Wale wanawe wakajifanya wanasoma mabango ukutani, na ukuta wangu hauna bango.

Sasa nauliza, kwenye hizo nyumba 7,000, akina shangazi wanasemaje? Wanaandika ngapi? Mimi naamini huko kwenye takwimu kuna wanawake wengi sana wa miaka 49.

Hata hivyo Shangazi ni mtazamaji wa kweli, tena ana sababu zake. Alianza kutazama alipokuja Ncuti Gatwa, kijana mzaliwa wa Rwanda aliyekulia Scotland. "Huyu wa kwetu," akasema, na Shangazi ni mtu wa Tanga, Rwanda na Tanga zina Tanganyika nzima katikati. Krismasi ya 2023 alipomwona anacheza dansi na ile sketi ya Kiskoti, akasema kikoi kizuri, lakini kimepanda mno, na mama yake amwambie huko nje kuna baridi. Jinsi kibanda kinavyoruka hajui wala hajali. Lakini Gatwa alipogeuka mwisho wa msimu wa 2025, na pale aliposimama ikatokea sura ya Billie Piper, Shangazi alisusa chai.

Na hapo ndipo hesabu zinaponiuma zaidi. Hesabu ziliposhuka, watu wakamwangushia lawama kijana wa watu. Hakuna aliyetaja kwamba Mei 2024 kipindi kiliwekwa kwenye mtandao wa BBC iPlayer saa sita usiku, na kwenye TV kikaja kuonyeshwa jioni yake. Wenye hamu walikuwa wameshatazama, wameshalala, wameshaamka, wameshakwenda sokoni! Jioni unawahesabu akina nani? Usiku ule wakapata milioni 2.6. Siku saba zilipopita ikafika kama milioni 4. Mwaka uliofuata wakakiweka saa mbili asubuhi ya Jumamosi, wakati mimi natoka zamu, nikawa natazama kwenye basi, nusu nimesinzia. Mwigizaji anaingiaje hapo?

Nilimpa shemeji hoja hiyo nikaona nimemmaliza. Nikamwambia zama zimebadilika, siku hizi kila mtu na simu yake, hakuna kipindi kinachokusanya watu milioni kumi na ushee mbele ya TV usiku mmoja.

Shemeji akafuta mikono taratibu, kidole kimojakimoja. Akatoa simu. "Krismasi ya 2024," akasema. "Gavin & Stacey, ile komedi ya BBC. Milioni 12, usiku uleule."

Nikakohoa. Nikamwongezea nyama.

Oktoba 2025 ikatangazwa kwamba Disney+ wamejitoa kwenye ushirika na BBC, na kwamba kitakuja kipindi maalumu cha Krismasi ya 2026. Ujumbe wa shemeji ulikuwa ile nusu ya kwanza tu ya habari. Basi tumewekeana masharti. Hesabu ya usiku wa Krismasi ikiwa ndogo, mimi namlisha mwezi mzima bila kununa, jambo ambalo nalifanya hata sasa, ila nitakuwa sina haki ya kununa. Ikiwa kubwa, anatazama misimu yote tangu 2005, na Shangazi anamsimamia.

Kwa hiyo nimeitisha kikao cha ukoo. Krismasi, saa ileile ya kipindi, kila mtu mbele ya TV. Hakuna simu, hakuna blanketi, hakuna kasi ya moja na nusu. Zuhura akanikumbusha kwamba nyumba yetu haihesabiwi, hata tukikaa watu arobaini. Najua. Nikamwambia najua. Akauliza, sasa kwa nini? Nikamwambia anyamaze, apige hesabu ya viti. Shangazi akataka kujua kama kutakuwa na pilau. Mama Zuhura akauliza atapika nani.

Kilichobaki ni ruhusa ya kazini, maana Krismasi ghalani tunapangwa mapema na mimi kila mwaka jina langu linatangulia. Nikajaza fomu, nikaenda kwa msimamizi wa zamu, mtu mzima, mstaarabu, kalamu sikioni. Nikamweleza kuna kipindi muhimu jioni ile na lazima nikitazame. Akaisoma fomu juu mpaka chini.

"Kinawekwa kwenye iPlayer?"

"Ndiyo."

"Si utakitazama kesho yake?"

Nikafungua mdomo. Siku saba, siku 28, waliochelewa nao ni watu, yote yale ninayomwambia shemeji kila Jumapili yalikuwa yamejipanga ulimini, na hata moja halikuwa upande wangu. Msimamizi akanigongea muhuri wa "haikukubaliwa", akaniuliza kama zamu nitaanza saa mbili au saa tatu.