Kichwa cha Kilo Kumi na Mbili

Kwenye boksi la kichwa cha tripodi cha video, kile kinachokaa juu ya miguu mitatu kushika na kugeuza kamera, huandikwa namba mbili za uzito, na kaka yangu alisoma moja. Hicho alichokileta nyumbani kiliandikwa "kilo 5–12". Kumi na mbili aliiona, akafurahi nayo njia nzima. Ile tano aliichukulia namna watu wanavyochukulia maandishi madogo ya mkataba: ipo, lakini haituhusu.

"Mdogo wangu," akaniambia akikitua mezani, na meza ikaguna, "hiki hata ukikipakia mtoto kitabeba."

Kamera yetu, ikiwa na lenzi, betri na maikrofoni juu yake, haifiki kilo moja na nusu.

Nimtetee kidogo. Kichwa tulichokuwa nacho kabla ya hapo kilibandikwa neno "fluidi" ubavuni, na fluidi pekee iliyowahi kukigusa ni jasho langu. Ndani yake plastiki ilikuwa inasuguana na plastiki. Ukianza kukigeuza kinagoma. Ukiongeza nguvu kinaachia ghafla, na msemaji uliyekuwa unamfuata anabaki nyuma huku wewe umeshafika kwenye mlango wa choo. Ukimaliza kugeuza na kuachia mkono, kinarudi nyuma kidogo, kwa aibu. Kichwa cha fluidi cha kweli kina grisi nzito ya silikoni katikati ya vyuma: ukienda taratibu kinakuachia, ukikurupuka kinakukazia, na mtazamaji hajui kabisa kwamba mkono wako ulitetemeka. Kwa hiyo kaka alikuwa na haki ya kwenda dukani. Ila mimi sikuwepo.

Vichwa vizuri vina springi pia. Kamera ikiinama mbele, uzito wake unaivuta chini, springi inaivuta juu. Nguvu hizo mbili zikilingana, unaweza kuachia mkono na kamera ikabaki pale pale ulipoiacha. Mwanzilishi wa vichwa vya fluidi anatajwa kuwa Chadwell O'Connor, mhandisi wa Marekani aliyependa kupiga filamu treni za mvuke na akachoka na picha zinazorukaruka. Walt Disney, mgonjwa mwenzake wa treni, akawa mmoja wa wateja wake wa mwanzo. Namheshimu sana huyo bwana. Lakini treni zake zilipita kushoto kwenda kulia, juu ya reli. Hakuwahi kumpiga video mwalimu wetu wa fizikia.

Dukani, kwa maelezo ya kaka mwenyewe, alikijaribu kichwa kikiwa kitupu. Akakiinamisha, akakiachia, kikaruka na kusimama sawa. "Kinarudi chenyewe!" akasema. Muuzaji akamjibu kwamba ndiyo, kinarudi chenyewe. Hakuna aliyedanganya hapo.

Kitako chake ni nusu tufe ya milimita 100, wakati miguu yetu ya zamani ni bapa juu, yenye skrubu moja tu, hivyo ikabidi na miguu inunuliwe. Mpwa wangu, ambaye kazi yake kwenye timu ni kubeba na kuuliza maswali, aliuweka mzigo wote begani, akapepesuka, akauliza:

"Mjomba, na kamera yenyewe iko wapi?"

"Ipo hapa, mfukoni mwangu."

Kazi ya kwanza ya mtambo huo ilikuwa hafla ya kumuaga Mwalimu, aliyekuwa anastaafu. Tukapewa roshani ya nyuma ya ukumbi. Mahali pazuri mno: jukwaa lote unaliona, hakuna kisogo cha mtu mbele yako. Ila kamera lazima iiname.

Nikaiinamisha, nikamweka Mwalimu katikati ya fremu, akaanza hotuba. Nikaachia mkono nifute uso. Niliporudisha macho kwenye skrini, Mwalimu alikuwa anazama. Kifua kimeshapotea, kidevu kinafuata, halafu mdomo, halafu miwani, mwisho zikabaki mvi chache kwenye ukingo wa chini, na sauti inaendelea kusimulia siku yake ya kwanza kazini. Fremu yote iliyobaki ilikuwa pazia.

"Kaka," nikanong'ona, "kinapanda."

"Kinapandaje?"

"Chenyewe."

"Si ndiyo uzuri wake?"

Nikamrudisha Mwalimu kwenye fremu kwa mkono na kuzungusha gurudumu la kukaza ile grisi hadi mwisho. Grisi hupunguza kasi tu, haifuti safari. Mwalimu akazama tena, safari hii kwa heshima zaidi.

"Funga breki," kaka akasema, na kwa kweli lilikuwa wazo zuri. Nikafunga. Kwa muda tukawa na video. Tatizo ni kwamba Mwalimu hajui kusimama mahali pamoja. Amefundisha maisha yake yote akitembea katikati ya madawati, na jukwaani aliendelea hivyo hivyo: anafuata ukingo, anarudi, anainama kumwangalia mtu wa mstari wa mbele, anachora duara hewani. Kila nilipofungua breki nimfuate, springi iliyokuwa imebanwa ilinishukuru kwa kurusha pua ya kamera juu. Kwenye video ile kuna pazia nyingi. Ukiitazama bila sauti utadhani tulilipwa na fundi pazia.

Hapo wasaidizi wangu wakaamua kusaidia.

Mpwa akaenda nje, akarudi na begi lililojaa mawe, akalining'iniza chini ya tripodi, katikati ya miguu. Aliwahi kuona watu wakifanya hivyo, na ni kweli hufanya, stendi isitikiswe na upepo. Lakini miguu yetu ilikuwa imetulia tuli. Chenye wazimu kilikuwa kichwa.

Kaka, kwa kuwa ni mkubwa, hakutaka kupitwa na mpwa. Akavua mkoba wake, akasema uzito uwekwe juu, karibu na ugonjwa. Hapo kidogo alikuwa anaelekea kwenye ukweli. Kisha akaufunga kwenye ule mkono mrefu wa kugeuzia, unaochomoza nyuma. Sasa mkono huo ukivutwa chini, pua ya kamera inakwenda juu. Yaani springi, iliyokuwa inanishinda peke yake, ikapewa kibarua.

Breki ilikuwa imefungwa, kwa hiyo hakuna kilichoonekana. Kaka alikuwa amechuchumaa chini ya mkono anakaza fundo. Macho yangu yako kwenye skrini. Mwalimu akaanza kushuka ngazi za jukwaa kuwafuata wanafunzi wake wa zamani, picha niliyokuwa naisubiri tangu mwanzo, nami nikafungua breki.

Kamera ikaangalia juu. Mkono, na mkoba wake, ukashuka utosini kwa kaka.

"Uwiiii!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mwalimu naye akasimama kwenye ngazi ya mwisho, mkono kwenye paji la uso, akatazama juu roshani.

"Sauti hiyo naijua," akasema, na maikrofoni ndogo ya kwenye kola yake ikaipeleka kila spika. "Dawati la nyuma, karibu na dirisha."

Watu wakacheka. Mimi nikadhani yameisha. Kumbe Mwalimu alikuwa anakuja. Tulimsikia kwenye spika akipanda ngazi za roshani, pumzi moja baada ya nyingine, na watu mia kadhaa wakimsikiliza akipanda.

"Shikamoo, Mwalimu," kaka akasema, amesimama wima, mkono mmoja utosini.

"Marahaba, mwanangu. Umeumia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kimekugonga nini?"

"Mkono wa tripodi."

"Kwa nini umeshuka?"

Kaka akanyamaza. Kilikuwa kimya cha mtu mwenye uzoefu nacho.

Mwalimu akaufungua mkoba, akamkabidhi mwenyewe. Akaikandamiza kamera chini kwa kidole kimoja, akaiachia. Ikapanda. Akaikandamiza tena, ikapanda tena. Nilimwona anafurahi kuliko alivyofurahi muda wote wa kupewa maua.

"Springi hii imepimwa kwa mzigo gani?"

Mpwa, ambaye alikuwa amekalia boksi, akainuka na kulisoma. "Kilo tano hadi kumi na mbili, Mwalimu."

"Na kamera?"

"Moja na kitu."

"Basi springi haina kosa. Inafanya kazi iliyoajiriwa kufanya, ila mzigo wake haujaja." Akamgeukia kaka. "Uzito tuuweke wapi? Nyuma ulishajaribu. Chini huyu mtoto ameshajaribu."

"Juu, Mwalimu. Juu ya egemeo."

"Kwa sababu nguvu ya kugeuza ni uzito mara…?"

"Mara umbali," kaka akasema, na ukumbi ukampigia makofi. Sidhani kama aliwahi kupigiwa makofi kwa fizikia kabla ya hapo, na alama yake ya mwisho naikumbuka.

Mwalimu akainama kwenye ukingo wa roshani, akachungulia meza kuu. Pale mbele, karibu na maua, ilikuwepo zawadi yake: saa ya mezani iliyochongwa kwenye marumaru, ndefu, nzito, mshale wa sekunde unatembea.

"Leteni ile saa."

"Mwalimu," mshereheshaji akajibu kutoka chini, "hiyo ni zawadi yako. Hujakabidhiwa bado."

"Nitakabidhiwa ikishamaliza kazi."

Pleti ya kichwa kile, yaani bamba la juu la kufungia kamera, ni ndefu, na hilo nalisifu. Kamera tukaiweka mbele, saa nyuma yake, tukazifunga pamoja kwa tepu, mpwa akizungusha kwa moyo wote. Kisha nikaitelezesha pleti mbele, nikairudisha kidogo, hadi mzigo ukaacha kuegemea upande wowote. Nikaiinamisha kamera, nikaachia mkono.

Ikabaki pale pale.

Kwa mizani mzigo wote ulikuwa kama kilo tano tu, lakini saa ni ndefu, na kitovu chake cha uzito kiko juu ya pleti kuliko cha kamera, kwa hiyo springi iliuona mkubwa zaidi ya ulivyo. Ndiyo maana watengenezaji makini hawaandiki kilo peke yake. Hutaja na urefu wa hicho kitovu kutoka kwenye pleti. Mwalimu alilieleza hilo kwenye spika akiwa anashuka ngazi, na kuna watu walikuwa wanaandika.

Kuanzia hapo kichwa kilikuwa raha tupu. Nakiri kaka hakununua takataka. Ulikuwa unakisukuma kwa kidole, kinaanza bila kustuka, kinasimama bila kurudi nyuma. Shida ilikuwa moja: uso wa saa ulikuwa unanitazama mimi. Skrini ya kamera ilibidi niivute nje pembeni na kuchungulia kwa jicho moja, na jicho la pili likaona muda tuliobakiza. Mwalimu alipofika mwisho, akaweka karatasi chini, akavua miwani, akasema, "Neno langu la mwisho kwenu…" na kunyamaza, koo limemkaba, ukumbi umetulia, nami nimemsogelea kwa lenzi taratibu, picha ya maisha yangu, basi ilikuwa saa sita kamili mchana.

Saa ikagonga. Inagonga kumi na mbili. Mwalimu alisubiri zote, na kwenye kila mlio fremu inatetemeka kidogo.

"Zawadi sasa!" mshereheshaji akaita, bila kupoteza muda. "Tunaomba zawadi!"

Mpwa akaivamia tepu. Aliifunga vizuri, maskini, na sasa mwanzo wake hauonekani. Anakwangua kwa kucha, anang'ata kwa meno. Chini wameanza kuimba. Kaka, mkubwa wa timu, mtu wa maamuzi, akanisukuma pembeni, akabonyeza kitufe chekundu cha usalama, akavuta klachi ya pleti, akainua kitu kizima, saa na kamera na pleti na tepu, akakimbia nacho ngazini.

Taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka.

Kwa hiyo familia ya Mwalimu ina video ya makabidhiano ambayo sijaona mwenzake. Inaanza na ngazi, haraka, pamoja na viatu vya kaka. Halafu inapita katikati ya meza, watu wanainuka kupisha. Halafu Mwalimu anaonekana mbali, anakaribia, anakaribia, anajaza fremu, mikono yake inakuja kulia na kushoto ya lenzi, na anaitazama zawadi yake moja kwa moja machoni akilia na kucheka. Alipoigeuza kuwaonyesha watu, tukapata na ukumbi mzima umesimama, kutoka kifuani kwake. Ameshatuambia hiyo sehemu isikatwe hata sekunde. Sehemu ya pazia ameruhusu ifupishwe.

Kurudi nyumbani, nikamweleza kaka kwa utulivu kwamba kuna vichwa vyenye springi ya kurekebisha kwa hatua, unachagua nguvu kulingana na mzigo, vingine hadi sifuri kabisa. Na kwamba safari ijayo twende na kamera yetu, tuifunge hapo hapo dukani, tuiinamishe, tuachie mkono, tuone. Akanisikiliza vizuri, hakunikatiza. Akasema amenielewa, tatizo ameliona, na kesho yake asubuhi akatoka mapema kwenda kulimaliza.

Alinipigia simu akiwa mbele ya muuzaji. Nilimsikia akimuuliza kuhusu kamera fulani kubwa ya begani. Hakuuliza lenzi, hakuuliza picha inatoka vipi.

"Hii," kaka akasema, "ina kilo ngapi?"