Kongwa ilikuwa na wenyewe

Ukitoka Dodoma kwenda Morogoro, kabla hujafika Kibaigwa unakutana na Mbande. Hapo kuna barabara inayokata kulia kwenda Kongwa na kuendelea hadi Mpwapwa. Abiria wengi wa mabasi ya Dar es Salaam hawana habari na njia hiyo. Wanapita, wananunua vitu dirishani Kibaigwa, wanalala tena.

Na wale wanaoijua Kongwa, wengi wanajua jambo moja tu: Waingereza walikuja kulima karanga, wakashindwa. Nimelisikia darasani, nimelisikia kwenye vijiwe, na mara nyingi linasimuliwa kwa kicheko. Nyuki waliwauma madereva wa matrekta, simba walizunguka kambi, mwisho Wazungu wakafungasha wakaondoka. Mimi kisa hicho kinaniuma. Kinaniuma kwa sababu ndani yake Kongwa haimo. Kuna mvamizi aliyekosea, kuna pori, basi. Mgogo mwenye ng'ombe wake na mtama wake hayupo mahali popote, kama vile nchi ile ilizaliwa siku meli ya kwanza ilipotia nanga ikiwa na matrekta.

Tuanze na nchi yenyewe. Kongwa iko upande wa mashariki wa uwanda wa kati wa Tanzania. Mashariki yake kuna milima ya Ukaguru, na kati yake na Mpwapwa kuna milima ya Kiboriani. Upepo wenye unyevu ukitoka Bahari ya Hindi unakutana na milima hiyo kwanza, unamwaga maji huko, na ukivuka upande wa pili umeshachoka. Ndiyo maana unaweza kusimama Kongwa mjini ukaona wingu jeusi limekaa juu ya milima tangu asubuhi, na mji usipate tone. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka ni kama milimita 400 hadi 600. Lakini hesabu ya mwaka haimsaidii sana mkulima. Mvua inaweza kunyesha vizuri Desemba, watu wakapanda, halafu ikakatika Februari kwa wiki tatu mahindi yakiwa yanataka kutoa mbelewele. Ukijumlisha milimita mwisho wa msimu utaona mwaka ulikuwa wa kawaida. Ghalani hamna kitu.

Watu wa Ugogo waliishi na jambo hilo kwa kutokuweka mayai yote kwenye kapu la mvua. Walilima mtama na uwele, nafaka zinazovumilia, na mali yao kubwa ikawa mifugo, kwa sababu ng'ombe anaweza kuhamishwa kufuata majani na shamba haliwezi. Walikuwa na kumbukumbu pia. Kila njaa kubwa ilipewa jina. Ile iliyokuja mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, wakati majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipokuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikagoma, waliiita Mtunya. Maelfu walikufa. Jina la njaa ni rekodi ya hali ya hewa, tena rekodi inayoeleza na sababu: si ukame peke yake ulioua watu, ni ukame uliokuta ghala limekombwa.

Sasa kumbuka kwamba mwaka 1946, aliyekuwa na miaka kumi wakati wa Mtunya alikuwa bado hajafika hamsini. Wazee wenye kumbukumbu hiyo walikuwapo, wazima, wanachunga.

Mwaka huo ndipo Uingereza, iliyokuwa imetoka vitani haina mafuta ya kupikia ya kutosha, ilipopokea wazo la Frank Samuel wa kampuni ya United Africa: kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine, kwa eneo ambalo halijawahi kuonekana. Ujumbe wa John Wakefield ulitumwa kukagua. Ulikaa wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi uliiona kutoka kwenye ndege. Ukarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kwa gharama ya pauni milioni 25. Kongwa ikachaguliwa iwe ya kwanza. Ukiwa hewani, Kongwa ni tambarare nzuri yenye vichaka na watu wachache. Huoni kwa nini watu ni wachache.

Lengo la 1947 lilikuwa kulima ekari 150,000. Zilizopandwa msimu ule hazikufika hata 10,000. Mitambo mingi ilikuwa masalia ya vita, na baadaye vikaletwa hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Walifunga mnyororo kati ya mashine mbili ili kung'oa vichaka, lakini mizizi ya vichaka vya Kongwa inajua kushika. Reli ya kuleta mizigo kutoka pwani ilikatwa na mto Kinyasungwe, mto ambao miezi mingi ni mchanga mtupu na siku moja unashuka kama ukuta. Kipande kile cha Kilosa hadi Gulwe kinasumbuliwa na mafuriko mpaka leo. Mpango ulifutwa Januari 1951, na pauni kama milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Nyuki na simba nawaachia wanaopenda kuchekesha.

Kilichoumaliza ule mpango kilikuwa chini ya miguu. Nimeushika udongo huo mara mbili katika mwaka mmoja, nje kidogo ya mji. Mara ya kwanza ilikuwa Machi. Ulikuwa mwekundu, laini, ukiuminya unashikana na kuacha rangi kwenye mistari ya kiganja. Nikajisemea, udongo wa kupendeza huu. Agosti nikarudi pale pale. Jembe lilidunda. Nikapiga tena, likatoka bonge la ukubwa wa ngumi, na nilipoligonga na mpini lilitoa mlio wa tofali. Ni mfinyanzi uliochanganyika humo ndani. Mvua inaulainisha, jua linaupika.

Kwa mahindi au mtama hilo ni tatizo, lakini unavuna juu. Karanga tabia yake ni nyingine. Ua linachanua juu, kisha kikonyo kinainama na kujichimbia ardhini, na punje inakomaa humo gizani. Udongo ukikauka kabla hujang'oa, unavuta shina linakatika mkononi na karanga zinabaki chini. Mashine yenye nguvu haikusaidii kitu hapo, kwani inayotakiwa ni siku moja sahihi, na siku hiyo haiwezi kufika kwa wakati mmoja katika maelfu ya ekari.

Kinachonishangaza ni kwamba karanga Kongwa zinalimwa hadi leo, na wakulima wadogo. Wakulima hao wanazipanda kwenye vipande vyenye kichanga, mvua za mwanzo tu, na kuziwahi udongo ukiwa bado na unyevu. Kwa hiyo hata ile sentensi ya kwamba Kongwa haifai kwa karanga si kweli. Haikufaa kwa karanga za namna ile.

Mradi ulipokufa, sehemu ya ardhi iligeuzwa ranchi, na Ranchi ya Kongwa chini ya NARCO, kampuni ya ranchi za taifa, ina hekta zipatazo 38,000. Jirani kuna kituo cha utafiti wa malisho. Yaani baada ya pauni zote zile, nchi ilirudi kwenye ng'ombe, shughuli ambayo wenyeji walikuwa wakiifanya siku ile ndege inapita juu yao. Tofauti ni kwamba sasa kuna uzio.

Halafu kuna sura ambayo wanaosimulia kichekesho hawaifikii kabisa. Mwaka 1964 Kongwa ilianza kupokea wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe wote waliweka kambi hapo, wakianzia kwenye majengo na kituo cha reli kilichoachwa na karanga. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, alipita Kongwa. Chris Hani wa ANC aliishi Kongwa. Wapiganaji wa kwanza wa SWAPO walioingia Namibia na kupambana na askari wa Afrika Kusini huko Omugulugwombashe Agosti 1966 walitokea kambi hiyo. Mji mdogo wa wakulima na wafugaji, ambao wenyewe ulikuwa ukiomba mvua, uliwapa vijana wa mataifa matano mahali pa kulala. Wengine walioa pale, na watoto wao na wajukuu wao ni watu wa Kongwa. Mtoto wa Tanzania anayemaliza shule akijua matrekta yaliyoharibika na asijue hili, tumemnyima kitu.

Ninalolisema si la makumbusho tu. Lugha ya 1946 bado iko hai. Bado nasoma matangazo ya uwekezaji yanayotaja ardhi tupu, mapori yasiyotumika, maeneo makubwa yanayosubiri. Kila nikikutana na neno tupu namuuliza mwandishi kimoyomoyo: umeuliza nani anachunga hapo Agosti? Umeuliza njaa ya mwisho iliitwaje? Ningependa shule za Kongwa, na za kila mji mdogo kama Kongwa, ziwatume watoto wakachimbe shimo la mita moja nyuma ya darasa, waandike rangi ya udongo kila wanaposhuka, wapime mvua kwa mkebe, wawaulize babu na bibi zao majina ya miaka mibaya. Daftari hilo lihifadhiwe halmashauri, na anayekuja na ramani alisome kwanza.

Siku ile ya Machi nilimkuta mama mmoja anapalilia. Shamba lake lilikuwa chini ya ekari mbili, karanga upande wa juu, mtama upande wa chini unakoelekea mbugani. Katikati palipita mstari wa mawe yaliyozama nusu, umepinda mara mbili bila sababu niliyoweza kuiona. Nikamwuliza kwa nini haunyooki. Aliacha jembe, akachimba kwa kisigino upande huu wa jiwe, kisha upande ule, akaniambia nishike. Upande mmoja ulimwagika kati ya vidole. Wa pili ulinata. Mawe yale yaliwekwa na mama mkwe wake, na yeye tangu aolewe hajasogeza hata moja.