Tatizo si tundu, ni adapta

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema tundu la hedifoni kwenye simu limeshakufa, tuhamie wote Bluetooth. Kwenye simu za bei kubwa ni kweli, lakini iPhone 7 ilipotoka bila tundu mwaka 2016, Apple angalau waliweka adapta ndani ya boksi, yaani kile kiwaya cha kuunganisha hedifoni za waya kwenye tundu la chaji. Siku hizi jitafutie mwenyewe.

Na hapo ndipo watu wanapoumia. Adapta za USB-C, lile tundu la chaji la simu nyingi za sasa, hazifanani! Zipo zenye chipu ndani inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analogia, yaani ile ambayo hedifoni za waya zinaweza kuipiga, na zipo tupu, nyaya tu, zinazotegemea simu yenyewe itoe analogia kupitia tundu la chaji. Ukichomeka hiyo tupu kwenye simu isiyotoa, kimya. Nilinunua moja Kariakoo, kwenye simu ya muuzaji ikaimba vizuri, kufika nyumbani hata mkwaruzo hakuna. Nikazilaumu hedifoni zangu, kumbe maskini hazina kosa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo ijaribu kwa simu yako palepale kabla hujatoa hela.

Bluetooth siikatai, natembea nayo. Ila mimi nahariri video kwenye simu, na sauti ikichelewa kidogo tu nyuma ya midomo, kazi imeharibika. Halafu umeme ukikatika, hedifoni za waya hazidai chaji.

Swali kwa mwandishi: zile adapta zenye tundu la pili la chaja umewahi kuzijaribu? Yangu inavuma kila nikichomeka umeme.