Kodi za tovuti anazoandika mwanafunzi zikaguliwe na mwanafunzi mwenzake?

Siku hizi Arusha na Moshi vijana wanaojifunza kutengeneza tovuti ni wengi na sababu iko wazi, kampuni za utalii zipo kila kona na kila moja inataka ukurasa wa kuonyesha safari zake za Serengeti na njia za kupanda Kilimanjaro, kwahiyo kijana akishaijua kidogo HTML na CSS, yani lugha za kuandikia na kupamba kurasa za tovuti, anaona kabisa hela itatokea wapi. Sasa kuna ubishi hapo. Huyu anayeanza, kodi zake, yani hayo maandishi ya HTML na CSS aliyoandika, amwonyeshe nani azikosoe? Wapo walimu wanaosema wanafunzi wakikosoana wenyewe kwa wenyewe ni kipofu kumwongoza kipofu, bora asubiri mtu mzoefu. Wengine wanasema aweke kazi mezani kila mtu aseme anachokiona. Mimi nipo na hawa wa pili ila kwa masharti, na hayo masharti nayaona ni ya muhimu kuliko hata upande wenyewe.

Kwanza tuelewane kwanini anayeanza hawezi kujikagua vizuri peke yake. Brauza imetengenezwa ivumilie makosa. Ukisahau kufunga tagi ya strong, ile alama ya HTML ya kukoleza maandishi, haikatai kufungua ukurasa, inafungua tu, ila kuanzia hapo maandishi yote yanakuwa mazito mpaka chini. Hilo la maandishi angalau utaliona. Yapo ambayo hutayaona kamwe kwenye laptopu yako, mfano picha umeipa jina Machame.JPG alafu kwenye kodi umeandika machame.jpg, Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili kwahiyo kwako picha inatokea safi kabisa, ukipandisha kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, na seva nyingi zinatumia mfumo wa Linux badala ya Windows, picha haipo, maana kwa Linux hayo ni majina mawili tofauti. Au mbaya zaidi umeandika njia ya picha inayoanzia C:\Users, yani unamwelekeza mtalii aliyeko Ujerumani akatafute picha kwenye diski ya laptopu yako wewe uliyekaa Sakina, Arusha. Mwenzako akikwambia picha hazitokei unabisha kabisa, mbona mimi naziona!

Hapo ndo mwanafunzi mwenzako ana thamani ambayo hata mzoefu hana muda wa kukupa. Anafungua kwa simu yake ya bei ya kawaida, kwa bando lake, amesimama juani nje ya stendi, na anakwambia kilichomtokea. Herufi ni ndogo kama chungu mpaka avute kwa vidole? Basi hukuweka ule mstari wa meta viewport unaoiambia simu ifuate upana wa skrini yake, na simu ikiukosa mara nyingi inauchora ukurasa kama vile skrini ina upana wa pikseli 980 kisha inaubana wote uenee. Bei ya siku sita za njia ya Machame haisomeki juani? Umeandika kijivu juu ya nyeupe, na viwango vya WCAG, vile vya kufanya kurasa zitumike na watu wote, vinataka maandishi ya kawaida yapishane mwangaza na rangi ya nyuma kwa angalau 4.5 kwa 1. Ukurasa unachukua muda mrefu kufunguka na bando linaisha? Umeweka picha sita kama zilivyotoka kwenye kamera, tuseme MB 4 kila moja, hizo ni MB 24 kwa mtu aliyetaka kujua bei tu. "Kaka, nimeibonyeza namba ya simu haipigi." Sentensi hiyo moja ina faida kuliko hongera ishirini, mwenye kazi anaenda kuiwekea linki ya tel:, ile inayofanya namba ipigike ukiibonyeza, na anaielewa maisha yake yote.

Lakini wale walimu nao wana hoja, na hoja yao ni nzito kuliko wengi wetu tunavyokubali. Mwanafunzi akishamaliza kusema alichokiona anaendelea na dawa, na dawa zake mara nyingi ni mbovu. Mmoja atasema panga kila kitu kwa jedwali, mwingine weka !important, neno la CSS la kulazimisha, kila mahali rangi ikigoma, wa tatu futa yote hamia Bootstrap, mkusanyiko wa CSS iliyoandikwa tayari. Wakishauri watano unapata dawa tano zinazopingana. Alafu kuna yule anayevuta laptopu kabisa, dogo sogea nikuwekee sawa, anaandika upya ukurasa mzima kwa nusu saa na kweli unapendeza. Ikifika Juni msimu wa wageni umeanza, mwenye kampuni anapiga anataka bei ibadilike leo leo, mwenye ukurasa anafungua faili hajui bei iko mstari gani. Ukurasa ulinyooka, mtu hakujifunza. Na hili linahusu pia programu za akili bandia ambazo unazipa kodi zinakurudishia mpya yote, ni msaada uleule wenye hasara ileile.

Jambo hili sio geni. Mwaka 1976 Michael Fagan wa IBM alichapisha utaratibu wa kukagua programu, na kwenye kikao chake kazi ilikuwa kutafuta makosa tu, kurekebisha aliachiwa mwenye kazi baadae. Hao walikuwa wataalamu kabisa na bado walitenganisha kuona na kutibu. Sisi tunaoanza tunatakiwa kulishika zaidi yao.

Kwahiyo masharti yangu yanatoka hapo. Yale ambayo mashine inaweza kuyasema iachiwe mashine, W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, wana kikaguzi cha bure cha HTML, pitisha kodi huko kwanza ili usiwachoshe watu na tagi ambazo hazijafungwa. Wenzako waulize walichokiona na walichoshindwa kufanya. Dawa muulize mzoefu, hata akija mara chache, maana yapo mambo wenzako hawawezi kuyaona kabisa, kama ukurasa wa Kiswahili uliobaki na lang="en", yani lugha ni Kiingereza, kutoka kwenye kiolezo, na programu inayomsomea asiyeona inautamka Kiswahili chake kwa matamshi ya Kiingereza.

Ila kikwazo kikubwa huku kwetu nakiona kwenye adabu. Mwenye kazi akiwa kaka mkubwa, mdogo atasema iko poa sana kaka na ataishia hapo. Mwenye kazi akiwa mdogo atachekwa mbele ya watu na kesho haonyeshi tena. Zote mbili zinaua, na ile ya kwanza inaua kimya kimya. Ukiomba maoni ya jumla utapewa sifa, ukimwambia mtu naomba utafute bei ya njia ya Marangu kwa simu yako unionyeshe, hapo hata mwenye haya atakuonyesha alipokwama, na wala hajakuvunjia heshima.

Walimu wa vyuo wenye wasiwasi na wanafunzi kukosoana ningewaomba wawaruhusu, ila kila badiliko mwanafunzi aliandikie sababu yake kwa maneno yake mwenyewe, hapohapo kwenye kodi kati ya alama <!-- na -->, ambazo brauza haionyeshi kilichomo kwenye ukurasa. Asiyeweza kuandika sababu hilo badiliko alirudishe lilivyokuwa. Na awe makini asiweke nywila humo, maana maelezo hayo mtu yeyote akifungua kodi za ukurasa anayasoma.