Kijana wa miaka 28 na sindano ya testosteroni

Mpwa wangu alinijia mwezi wa tatu na karatasi ya maabara aliyoikunja mara nne na kuiweka ndani ya kava la simu. Ana miaka 28, analinda ghala usiku karibu na bandari, na kwa mwaka mzima alikuwa akilalamika uchovu, hamu ya tendo la ndoa kupungua na kitambi kumwota. "Mjomba, homoni zangu za kiume zimeshuka. Wameniambia nianze sindano, moja kila wiki mbili." Niliikunjua. Testosteroni 8.1 nmol/L. Pembeni, kwa kalamu ya bluu, muda wa kuchukua damu: 15:40.

Nimefanya kazi maabara miaka mingi, na jicho langu lilitua kwenye saa kabla ya namba. Testosteroni hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyosonga, na kwa vijana mteremko huo ni mkali kuliko kwa wazee. Chakula nacho huishusha kwa muda. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2018 wa Endocrine Society, chama cha madaktari wa homoni cha Marekani, unataka vipimo viwili vya asubuhi, siku tofauti, kabla ya kula, na mgonjwa awe na dalili. Mpwa wangu alikuwa na kipimo kimoja, cha alasiri, baada ya usiku wa kukesha, usingizi wa saa nne na sahani ya wali. Kwa karatasi hiyo, zahanati ilikuwa tayari kumpa dawa ambayo huenda akaitumia hadi uzeeni. Sindano moja kila wiki mbili kwa miaka 40 ni zaidi ya sindano 1,000.

Hata hivyo sitaki kuwa miongoni mwa wanaomwambia kila kijana "huna tatizo, nenda kafanye mazoezi". Wapo wenye tatizo, na wengi wao hawajui. Karibu mtoto mmoja wa kiume kati ya 600 huzaliwa na kromosomu ya ziada aina ya X, hali inayoitwa Klinefelter. Wengi hukua wakijiona ni watu wa ndevu chache na korodani ndogo tu, na hugundulika pale ndoa inapokaa miaka bila mtoto. Wengine waliugua matubwitubwi wakiwa wameshabalehe, ugonjwa ukashuka kwenye korodani. Wengine wana uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, au korodani ilijinyonga utotoni wakachelewa hospitali. Kwa watu hawa kuacha kutibu kuna gharama yake: mifupa hupungua uzito wangali vijana, damu hupungua, misuli huyeyuka, na moyo wa kuishi nao unafifia. Wakipewa testosteroni kwa kipimo sahihi hurudishiwa kitu ambacho mwili ulipaswa kuwa nacho.

Hao ndio wanaoumizwa zaidi na aibu yetu. Tuna ukuta mzima wa mabango ya "nguvu za kiume", tuna vumbi la Kongo, tuna supu ya pweza pembeni mwa kituo cha daladala kila jioni, lakini kijana akitaka kuongea na daktari kuhusu korodani zake hupunguza sauti hadi karani wa mapokezi amwombe arudie. Tena neno lenyewe "nguvu za kiume" limebeba mizigo mitatu tofauti: kusimama kwa uume, hamu, na uwezo wa kuzalisha. Testosteroni inahusika na hamu kwa karibu zaidi. Kwenye kusimama, mara nyingi tatizo la kijana ni hofu, sukari, presha au dawa anazotumia. Na kwenye kuzalisha, kama nitakavyoeleza, sindano huenda kinyume kabisa na anavyodhani.

Kuna hoja nyingine ya upande wa sindano ambayo naiheshimu. Madaktari wengi wa mfumo wa mkojo Marekani hutumia mpaka mmoja kwa wanaume wote, 300 ng/dL, ambao ni karibu 10.4 nmol/L. (Maabara zetu hutumia vizio hivi viwili bila mpangilio. Nimeona kijana akitetemeka kwa sababu karatasi yake ilisema 17, kwa nmol/L, naye alisoma kwenye simu kwamba kawaida huanzia 300, ambayo ni kwa ng/dL.) Wanaosema mpaka huo hauwatendei haki vijana wana sababu: wa miaka 27 na wa miaka 70 hawapaswi kupimwa kwa rula moja. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walipendekeza mipaka kwa umri, na kwa wenye miaka 25 hadi 29 wakaweka 413 ng/dL. Kwa rula hiyo vijana wengi walioambiwa wako sawa wangehesabiwa pungufu.

Lakini angalia namna mpaka huo ulivyopatikana. Waligawa wanaume wa kila rika katika mafungu matatu, na fungu la chini wakaliita la upungufu. Ukifanya hivyo, umeshaamua kabla ya kuchoma sindano ya kwanza kwamba theluthi ya vijana wote ni pungufu. Ukitumia njia hiyo kwa urefu, theluthi ya Watanzania ni wafupi kupita kiasi. Namba hiyo inafaa kumfanya daktari aulize maswali zaidi. Kuitumia kuandika dawa ni jambo jingine.

Sasa twende kwenye uzazi, maana kwa kijana hapa ndipo penye uzito wote. Pituitari hutuma homoni mbili kwenye korodani, LH na FSH. LH huamuru testosteroni itengenezwe, FSH husimamia mbegu. Ubongo ukiona testosteroni nyingi kwenye damu, hauulizi imetoka wapi. Hukata amri zote mbili. Testosteroni ndani ya korodani, ambako kiasi chake huwa juu mara nyingi kuliko kwenye damu, huporomoka, na mbegu hukoma kutengenezwa. Shirika la Afya Duniani lilitumia jambo hilohilo kutafuta njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume: katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, wanaume walichomwa miligramu 200 kila wiki, na zaidi ya nusu yao walifikia hali ya kutokuwa na mbegu hata moja.

Wengi hurudi wakiacha. Uchambuzi wa mwaka 2006 wa tafiti za namna hiyo ulikadiria kuwa kiasi cha theluthi mbili hurejea kiwango cha mbegu milioni 20 kwa mililita ndani ya miezi 6, na asilimia 90 ndani ya mwaka. Hizo ni habari njema, ila wale walianza wakiwa na mbegu timamu na wengi walichomwa kwa muda mfupi. Kijana aliyeanza na upungufu, akachoma miaka mitano, hana ahadi hiyo. Tena miezi ya kusubiri, kwetu, haipiti kimya. Mwezi wa nne wa ndoa shangazi wameshaanza kuuliza. Atakayepelekwa kupima mirija ni mke, atakayenyweshwa mizizi ni mke, na mume anaweza kukaa pembeni akichomwa kila wiki mbili bila kujua kwamba jibu liko kwenye sindano anayochomwa takoni. Hili linaniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa sana: sindano hufuta nyayo. Testosteroni ikiwa chini na LH iko juu, korodani ndizo zimeshindwa. LH ikiwa chini nayo, tatizo liko juu, kwenye pituitari, kwenye unene, kwenye dawa, au prolaktini, homoni ya maziwa inayotoka pituitari, imepanda kwa sababu ya uvimbe. Ukishaanza kuchoma, LH hushuka kwa kila mtu, na kipimo hicho hakisemi tena kitu. Uvimbe uliopaswa kuonekana mwaka huu unaweza kukaa miaka ukikua hadi ugonge mishipa ya macho. Mpwa wangu hakuwa amepimwa LH wala prolaktini.

Hatari ya moyo naipita haraka. Utafiti mkubwa wa TRAVERSE, 2023, haukukuta mashambulizi ya moyo au kiharusi yakizidi, ingawa mapigo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni vilizidi. Washiriki walikuwa na miaka 45 hadi 80, walifuatiliwa miaka michache, na kwa mtu wa miaka 28 haunisaidii sana kuamua. Linalomhusu moja kwa moja ni damu kuwa nzito: seli nyekundu zikivuka asilimia 54 ya ujazo wa damu, dawa husimamishwa. Anayechomwa mtaani bila kupima damu hatajua amevuka.

Na usingizi? Mwaka 2011 vijana 10 wenye afya walilazwa saa tano tu kwa usiku, wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Unene nao huishusha, na ukipungua hupanda. Ni kweli, lakini tusimtupie mlinzi wa usiku maneno "lala vizuri" kana kwamba anakesha kwa kupenda. Kuna pia dawa zinazosukuma korodani zifanye kazi zenyewe, kama klomifeni au hCG, ambazo hazikati mbegu. Zinahitaji daktari anayezijua, na si tiba ya korodani zilizokwisha kufa.

Alipopata likizo mwezi wa tano nilimwambia alale usiku kwa wiki mbili kwanza. Tukapima saa mbili kasoro asubuhi, tumbo tupu, mara mbili: 11.3, kisha 12.0. LH ya kawaida, prolaktini ya kawaida. Mwongozo wa Waingereza huliita eneo la kati ya 8 na 12 kuwa la mashaka, na yeye yuko kwenye ukingo wake wa juu. Ameomba zamu za mchana. Msimamizi amempa wiki mbili kwa mwezi. Barua ya posa imeshakwenda Tanga.

Tumekubaliana kupima tena mwezi wa kumi na moja, pamoja na manii. Asubuhi mbili zikirudi chini ya 8 na uchovu uko palepale, nitamsindikiza mwenyewe kwa daktari wa homoni, na mchumba wake akae kiti cha tatu.