Nani Kafungia Karanga Sura ya Mwisho?

Jamani, vitabu navipenda, ila vinanitia uchungu kuliko bei ya mkaa.

Tuanze na gundi. Hapa Mbeya ikifika Juni mafuta ya nazi yenyewe yanaganda kichupani, gundi ya kitabu ni nani isigande? Kitabu cha gundi tupu ukikilazimisha kulala wazi mezani, mgongo unalia "kaa!" na kurasa zinaanza kuhama mojamoja kama wapangaji waliogombana na mwenye nyumba. Kabla hujalipa, chungulia mgongo kwa juu. Ukiona vifungu vya karatasi zilizokunjwa vimepangana, kimeshonwa hicho, toa hela. Ukiona zimekatwa sawasawa kama mkate wa slesi, ni gundi. Na kama umeshakipenda, kisimamishe kwa mgongo, laza kurasa chache za mbele, kisha chache za nyuma, hivyohivyo mpaka ufike katikati. Usikisogeze karibu na jiko: gundi ikipata moto inalegea, kurasa zinateleza.

Ukienda kwenye mitumba Mwanjelwa utaambiwa, "Kizima hicho, mzee wangu!" Kizima kama nani? Pitisha kidole kwenye namba za kurasa. Vingi hufungwa kwa vifungu vya kurasa 16, kwa hiyo kikikosekana kifungu unatoka 48 unaruka 65. Au kifungu cha 33 hadi 48 kimewekwa mara mbili: mtu amekufa, amezikwa, ukifunua yuko mezani anakunywa chai.

Haya, kurasa zimetimia, umejifunika blanketi, unakutana na dibaji. Inakwambia nani atakufa, atauawa na nani, na kifo chake kinaashiria nini. Sasa mimi nimebakiziwa nini, jina la mpiga chapa? Dibaji ya hivyo isome mwisho.

Halafu kuna madesa ya uchambuzi, yale ya kukaririshia mtihani. Hayo siyasamehe. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, ikazuiwa shuleni kwa sababu ilisema kwa sauti yale yanayonong'onwa jikoni. Baadaye ikafundishwa, na desa likamfanya binti wa watu orodha: dhamira, ujumbe, migogoro, "mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa." Kiasi gani, debe? Lumbesa? Mwanafunzi anazo dhamira sita kichwani, muulize Zakaria ni nani, atakwambia labda mwandishi msaidizi. Zakaria ni baba yake Rosa, mwanangu!

Kezilahabi huyohuyo akatoa Nagona mwaka 1990. Kembamba, ukikaona unasema nakamaliza kabla ugali haujaiva. Thubutu! Ugali utaiva, utaliwa, sufuria litaoshwa, wewe uko palepale unauliza hapa ni wapi. Nakapenda hivyohivyo. Ila wanaosema walikaelewa siku ya kwanza, waje wanieleze polepole, nikiwa nimekaa.

Kusadikika ya Shaaban Robert nayo ina lake. Nchi inaelea hewani, sawa. Mshtakiwa Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni, ardhini. Kila mmoja anarudi na mema, kila mmoja anaishia gerezani. Ukifika kwa wa tatu unatamani umkamate wa nne pale Igawa, umpandishe basi la kurudi. Lakini Kiswahili chenyewe kinateleza kama parachichi la Rungwe, utafanyaje? Unameza.

Sasa hizi za upelelezi za mitumba, hizi ndizo zitakazonitoa roho. Karatasi ya mwisho haipo! Muuza karanga akichana za kufungia huanzia nyuma, maana ya nyuma ndiyo inayong'oka kwanza. Kwa hiyo ukinunua karanga pale Kabwe, usitupe karatasi kabla hujaisoma. Unaweza ukamjua muuaji wa kitabu usichokuwa nacho, na wa kile ulichonacho kameza mtu mwingine, na chumvi yake.